Mstari na Jina: Uandishi wa Ramani za Tarime na Serengeti
Ramani huanza kwa mstari, lakini husema kwa jina. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana mpaka ulioishia Ziwa Viktoria kwenye latitudo ya digrii 1 kusini, nao ukawagawa Wakurya. Mstari hauna matamshi, jina linayo. Wajerumani waliandika "Schirati" kwa tahajia ya kwao. Sisi twaandika Shirati, mahali palipokuwa wilayani Tarime hadi Rorya ilipoundwa mwaka 2007.

Hata hivyo, tahajia ya Kiswahili nayo hupunguza. Kikurya, kisemwacho Tarime na sehemu ya Serengeti, kina irabu 7. Kiswahili kina 5. Hivyo e na o za ramani hubeba sauti mbili kila moja.

Zamani mchoraji aliweza kusingizia kalamu. Leo programu ya MetaPost, iliyotungwa na John Hobby, huchora mstari kwa hesabu, kisha huiachia TeX ya Donald Knuth kazi ya kupanga jina kwa chapa ileile ya matini, herufi ɛ na ɔ zikiwamo. Mtafiti aziachaye herufi hizo hakukosa chombo, hakusikiliza wenyeji.