Vijiti vya Shimba Hills: Uhuru wa Bendera na Uhuru wa Elimu ya Miti



Kila tarehe 12 Desemba tunapokutana ukumbini tunasimama, tunaimba wimbo wa taifa, na kukumbuka usiku ule wa mwaka 1963 bendera ya Mwingereza ilipoteremshwa na yetu ikapanda. Mwaka huu kamati imeniomba niandike jambo la historia. Mimi si mwanahistoria, ni muuguzi. Kwa hiyo nimechagua historia iliyonifuata mpaka kazini.

Katika kliniki ninayofanyia kazi hapa Marekani, baadhi ya wagonjwa wa saratani ya matiti hupewa dawa iitwayo Kadcyla. Huingizwa mwilini kwa dripu, kila baada ya wiki tatu. Niliitoa dawa hiyo kwa muda mrefu kabla sijasoma asili ya kemikali iliyomo ndani yake. Siku niliposoma, nilikuta jina la mahali ambapo sikutarajia kulikuta: Shimba Hills, Kwale. Huko ndiko kwao mama yangu.

Kisa chenyewe ni hiki. Mwaka 1960 Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, ikishirikiana na Wizara ya Kilimo ya nchi hii, ilianza kukusanya mimea kutoka pande nyingi za dunia na kuipima, kuona kama ina kitu cha kuzuia saratani. Kazi hiyo iliendelea kwa zaidi ya miaka 20, na maelfu ya mimea yalipita maabara. Mingi haikutoa chochote. Michache ilileta dawa kubwa, kama taksoli, iliyotoka katika gome la mti wa hapa hapa Marekani.

Katika ile michache kulikuwa na mmea wa jamii ya Maytenus uliochukuliwa Ethiopia. Mwaka 1972 mwanakemia S. Morris Kupchan wa Chuo Kikuu cha Virginia na wenzake walitangaza kwamba wamepata ndani yake kemikali mpya, wakaiita maitansini. Kemikali hiyo huzuia seli isigawanyike. Kwa kuwa seli za saratani hugawanyika ovyo, matumaini yalikuwa makubwa.

Tatizo lilikuwa wingi. Maitansini imo katika mmea kwa kiasi kidogo sana. Tani nzima hutoa gramu chache tu. Watafiti wakatafuta ndugu wa mmea ule mwenye kemikali hiyo kwa wingi zaidi, wakampata Kenya. Jina lake la kitaalamu ni Maytenus buchananii, na alikuwa akiota Shimba Hills, mahali palipokuwa tayari hifadhi ya taifa tangu 1968. Mwaka 1976 zikavunwa zaidi ya tani 27 kwa ajili ya taasisi ile ya Marekani. Wataalamu wa mimea walioandika juu ya jambo hili baadaye wanasema kwamba mimea mikubwa yote ya mahali pale ilimalizwa. Miaka minne baadaye walipohitaji zaidi, walihangaika kupata, kwa maana iliyochipua ilikuwa haba.

Waandishi waliofuatilia kisa hiki wameandika pia kwamba Wadigo wa sehemu zile walikuwa wakiutumia mmea huo tangu zamani kutibu maradhi ya aina ya saratani, na kwamba hawakuombwa ruhusa wala hawakutajwa.

Hapa inafaa tuseme yote, si nusu. Maitansini iligunduliwa kwanza katika mmea wa Ethiopia, si wa Kwale, kwa hiyo hatuwezi kudai kwamba mganga wa Kidigo ndiye aliyemwonyesha Kupchan njia. Tena, dawa haikutoka moja kwa moja katika vile vijiti. Wagonjwa waliojaribiwa maitansini miaka ya 1970 walidhurika tumbo, ini na mishipa ya fahamu, na faida ilikuwa ndogo. Ikawekwa kando. Ndiyo sababu naomba asije mtu akachemsha mizizi ya mmea huu kumpa mgonjwa. Ni sumu.

Wakati huo huo, mwaka 1977, watafiti wa Japani waligundua bakteria wanaotengeneza kemikali za ukoo mmoja na maitansini. Baadaye kampuni ya ImmunoGen, ya jimbo la Massachusetts, ikapata njia ya kuifunga sumu hiyo kwenye kingamwili, yaani protini inayoitambua seli fulani ya saratani na kushikamana nayo. Badala ya kuenea mwili mzima, sumu hupelekwa mlangoni kwa adui, kama barua yenye anwani. Dawa iliyotokana na kazi hiyo iliidhinishwa Marekani Februari 2013. Sumu iliyomo hutengenezwa kwa kuanzia na wale bakteria, wala haihitaji tena kijiti hata kimoja kutoka Kwale.

Basi sisi tunadai nini? Swali hili nimeulizwa na mwanangu, na ni swali zuri.

Mwaka 1976 Kenya ilikuwa na miaka 13 ya uhuru. Tulikuwa na bendera, bunge na sarafu yetu. Lakini duniani kote mimea ya porini ilihesabiwa kama urithi wa binadamu wote: mwenye maabara akija, alichukua, na hapakuwa na mkataba wa kimataifa uliomtaka agawane faida na nchi au watu wa pale alipoutoa mmea. Dhahabu ilikuwa na mwenyewe, lakini mti wa dawa haukuwa naye.

Mambo yalianza kubadilika mwaka 1992, na nafurahi kuwakumbusha vijana kwamba yalianzia kwetu. Tarehe 22 Mei mwaka huo, Nairobi, wajumbe wa mataifa walikubaliana juu ya maandishi ya Mkataba wa Bioanuwai, ambao ulitiwa saini Rio de Janeiro mwezi uliofuata. Mkataba huo unasema kwamba kila nchi ina mamlaka juu ya mimea na viumbe wake, na kwamba faida inayopatikana igawanywe kwa haki. Mwaka 2010 Itifaki ya Nagoya ikaongeza utaratibu wa kugawana. Nchi hii tunayoishi, Marekani, iliweka saini mkataba ule mwaka 1993, lakini mpaka leo haijauridhia.

Nyumbani, Katiba ya 2010 inaitaka serikali ilinde elimu ya jadi ya jamii zetu kuhusu mimea na viumbe. Mwaka 2016 ikapitishwa sheria ya kulinda elimu hiyo, nayo inazipa serikali za kaunti jukumu la kuisajili. Sheria ipo. Lakini husajili nini, ikiwa elimu yenyewe imekwenda kaburini?

Angalieni kisa cha mwarobaini, mti ambao Pwani haukosekani uani, ukaitwa hivyo kwa kuaminiwa kwamba unatibu maradhi arobaini. Mwaka 1994 Wizara ya Kilimo ya Marekani na kampuni ya W. R. Grace zilipewa Ulaya hataza, yaani haki ya pekee ya kunufaika na uvumbuzi, juu ya njia ya kutumia mafuta ya mwarobaini kuua kuvu wa mimea. Waliopinga, wakiwa pamoja na wanaharakati wa India, walileta ushahidi kwamba jambo hilo lilikuwa likifanywa India kabla ya hapo. Hataza ikafutwa mwaka 2000, na rufaa ikakataliwa 2005. Walishinda kwa sababu walikuwa na cha kuonyesha.

Sisi tuna cha kuonyesha? Kiasi tunacho. Mwaka ule ule wa 1976, Mkenya mwenzetu John Kokwaro wa Chuo Kikuu cha Nairobi alichapisha kitabu kikubwa cha mimea ya dawa ya Afrika Mashariki, kilichotokana na kazi ya miaka ya kuwauliza wazee. Lakini mtu mmoja na kitabu kimoja hawawezi kubeba elimu ya nchi nzima.

Bibi yangu wa Kwale alijua mizizi ya kutuliza tumbo la mtoto na majani ya kukausha kidonda. Alipofariki tuligawana leso zake. Elimu yake hatukuigawana, kwa sababu hakuna aliyekuwa amekaa naye akauliza. Mimi nilikuwa huku, nasomea dawa.

Kwa hiyo ombi langu katika Jamhuri hii ni dogo. Mkienda nyumbani likizo, kaeni na mzee mmoja. Mwombeni ruhusa kwanza, kwa heshima, kwa maana mengine ni amana na si ya kutangazwa. Andikeni jina la mti katika lugha yake, mahali unapoota, sehemu inayotumika, na jina la aliyewaambia. Msiirushe mitandaoni, iwekeni katika familia, na mwulizeni yeye kama angependa isajiliwe katika kaunti.

Wazee wetu walipigania ardhi. Kilichoota juu yake, na walichokijua juu yake, vimebaki mikononi mwetu.

Heri ya Sikukuu ya Jamhuri.