Maskati na Unguja: Masafa Yale Yale, Safari Mbalimbali



Kamati iliponiomba niandike machache juu ya asili yetu, nilichagua kuandika njia badala ya nasaba, kwani njia ndiyo iliyotuzaa. Baina ya viwanja vya ndege vya Maskati na Unguja pana takriban kilomita 3,900 kwa mstari ulionyooka. Ndege isiyotua popote huzikata kwa saa tano na ushei, na abiria atokaye Unguja husogeza saa yake mbele kwa saa moja tu.

Masafa hayo ni yale yale waliyoyajua mababu. Kilichobadilika ni muda, na mwenye amri juu ya muda huo. Zamani amri ilikuwa ya upepo. Majahazi yaliteremka Afrika kwa kaskazi, ivumayo tangu Desemba hadi Machi, yakarejea Arabuni kwa kusi, ianzayo Aprili. Upepo ukiwa mwema, safari ilichukua wiki tatu, nne au zaidi. Cheo hakikumwokoa mtu na bahari: Sayyid Said bin Sultan alifariki Oktoba 1856 karibu na Shelisheli, akiwa njiani kutoka Maskati kwenda Unguja. Meli za moshi zilipoanza kuleta barua Unguja kutoka Aden mwaka 1872, nguvu ya msimu ilianza kupungua.

Hata hivyo, upepo ulitupa neema moja. Aliyefika kwa kaskazi hakuweza kuondoka siku ya tatu. Sharti angoje kusi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mgeni huyo alilipokea, akakaa miezi, akajifunza lugha, akaposa, na wengine hawakurudi tena. Sisi ni matunda ya kungoja huko.

Kisha amri ikawa ya siasa. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 wengi waliihama Unguja, na tangu 1970, Sultan Qaboos aliposhika utawala, Oman ikawapokea wengi wasemao Kiswahili. Kiwanja cha Seeb kilifunguliwa mwaka 1973. Lakini kwa miaka mingi kilichomtenga mtu na mamaye hakikuwa kilomita, bali hati na ruhusa.

Leo hati zapatikana na ndege zipo. Nachelea kwamba tulipofupisha safari tulifupisha na makazi: twaja Alhamisi, twaondoka Jumapili, na watoto waliozaliwa London au Dubai huwajua shangazi zao kwa picha. Wazee wanaokumbuka majina ya waliozikwa pande zote mbili wamebaki wachache.

Basi ombi langu kwa mkutano huu ni moja. Kila nyumba ipokee kijana mmoja kutoka nyumba ya mbali, kwa likizo nzima, akae na wazee mpaka naye apewe jembe.