Ijumaa Ilikuja, Alhamisi Ikabaki

Hizi jumbe za Black Friday zinazojaa kwenye simu, zilitoka wapi? Mwaka wa 1863, Marekani ikipigana yenyewe kwa yenyewe, Rais Abraham Lincoln alitenga Alhamisi ya mwisho ya Novemba iwe siku ya kumshukuru Mungu. Mwaka wa 1939 Rais Roosevelt akaileta mapema kwa wiki moja ili maduka yapate siku zaidi za kuuza kabla ya Krismasi. Watu walizozana sana, hadi Bunge likaiweka Alhamisi ya nne mwaka wa 1941. Jina la Ijumaa yake lilivuma kwa polisi wa Philadelphia, waliochoshwa na msongamano wa wanunuzi.

Kwetu ilikuja na maduka ya mtandaoni kama Jumia, lililoanza Kenya 2013. Ijumaa ikavuka bahari, Alhamisi ya shukrani ikabaki. Tena inatukuta bonasi ya majani chai ingali mfukoni. Mimi mwenyewe mwaka mmoja nilinunua televisheni, mama watoto akaniuliza karo ya Januari iko wapi. Nikanyamaza.

Ibada ya shukrani ni Alhamisi hii, saa kumi na moja jioni. Njooni, hata kama ni na mkungu mmoja wa ndizi.