Kima Mgongoni mwa Papa: Ngano ya Usiku na Kitabu cha Picha, kwa Kurejelea Kisiwa cha Mafia

Kitabu cha picha kinachomsindikiza mtoto usingizini kwa safari za kubuni huhesabiwa kuwa zao la Magharibi. Kielelezo kinachotajwa mara nyingi ni kile cha Maurice Sendak cha mwaka 1963, ambamo mtoto aliyenyimwa chajio anasafiri baharini kutoka chumbani mwake. Makala haya yanadai kwamba safari ya aina hiyo ina historia ndefu zaidi pwani.

Ngano ya punda wa dobi ni ushahidi. Kima amezoea kumdondoshea papa matunda ya mkuyu. Siku moja anapanda mgongoni mwa rafikiye, na kufika katikati ya bahari anaelezwa kuwa sultani mgonjwa anahitaji moyo wa kima. Anajibu kwamba moyo wake ameuacha mtini. Akiisha kurejeshwa na kuitwa tena, anakataa kwa kusimulia kisa kingine, cha punda aliyerudi kwa simba. Katika Panchatantra, mnyama wa majini ni mamba. Katika Kalila na Dimna ni kobe. Pwani ilimfanya papa, na badiliko hilo si dogo.

Edward Steere aliichapisha London mwaka 1870. Mwaka 1901 George W. Bateman akaitoa Chicago kwa Kiingereza, pamoja na michoro, miaka tisini kabla ya Mradi wa Vitabu vya Watoto kuanzishwa Tanzania.

Kilichopotea njiani ni mwitikio. "Paukwa" hudai "pakawa", na gizani, watoto wakiwa wamelala mkeka mmoja, msimulizi humjua aliyesinzia kwa sauti inayokosekana. Ngano hurefushwa au kukatwa kwa kipimo hicho. Mtoto wa Sendak yuko peke yake; wa mkekani hasafiri bila wenzake. (Wahakiki wanaohesabu kurasa na rangi tu hawalioni hili.)

Mafia inaongeza tatizo la mchoraji. Karibu na Kilindoni, hasa kati ya Oktoba na Machi, huonekana papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote, mpole, anayechuja viumbe vidogo mno vya majini. Mgongo wake unatosha kima na ukoo wake. Meno ya kutisha yanayotarajiwa katika picha ya papa yatamfanya mtoto wa huko aulize, kabla ukurasa haujafunuliwa: huyu ni papa yupi?