Ayub Ogada: Mpiga nyatiti aliyeigiza filamuni kwa jina jingine

Ayub Ogada, aliyeaga dunia tarehe 1 Februari 2019 nyumbani kwake Nyahera, Kaunti ya Kisumu, alikuwa mwimbaji, mpiga nyatiti na mwigizaji wa filamu. Alizaliwa Mombasa mwaka 1956 na kuitwa Job Seda, na ni kwa jina hilo la kwanza alilotambulishwa katika filamu. Tofauti hiyo ya majina ndiyo iliyowafanya wengi waliomwona kwenye sinema na waliomsikia kwenye kanda wasijue kuwa walikuwa wakishughulika na mtu mmoja.

Wazazi wake walikuwa Wajaluo wenye kipaji cha muziki. Akiwa bado mdogo, familia ilihamia Marekani, ambako wazazi hao walitumbuiza hadhira za Chicago kwa nyimbo na ngoma za kwao. Hivyo mtoto huyu aliwahi kuwaona wageni wakishangilia muziki wa Nyanza kabla hajafikia umri wa kuuona kuwa jambo la kawaida. Aliporejea Kenya alisomea katika shule za bweni zilizofuata mtindo wa Kiingereza.

Nyatiti ina nyuzi nane, zilizofungwa juu ya mzinga wa mti uliowambwa ngozi. Mpigaji hukaa kwenye kigoda kifupi, akainamia ala yake, huku pete ya chuma iliyo kidoleni mwa mguu ikigonga ukingo wa mti na kutoa mapigo. Kwa hiyo mtu mmoja huwa mwimbaji, mpiga nyuzi na mpiga ngoma kwa wakati mmoja. Waliokulia Kaloleni, Makongeni na Makadara, mitaa iliyowalaza wafanyakazi wa reli na wa viwanda vya Industrial Area, waliufahamu mlio huo kwa njia ya mzunguko: gitaa la benga lililotawala kumbi na vilabu vya Eastlands lilijifunza mwendo wake kutoka kwa nyatiti. Vijana wa mjini waliliachia nyatiti wazee wa kijijini, wakashika gitaa. Ogada alikwenda kinyume, na kwa maoni ya mwandishi huyu, hapo ndipo ulipo uzito wa kazi yake.

Hata hivyo hakuanzia huko. Katika miaka ya 1970 alikuwa miongoni mwa vijana wa Black Savage, kundi la Nairobi lililochanganya roki na mahadhi ya Kiafrika. Mwaka 1979 akashiriki kuanzisha bendi ya African Heritage, iliyolelewa na jumba la sanaa la jina hilo ambalo Joseph Murumbi, aliyewahi kuwa Makamu wa Rais, alilifungua jijini pamoja na Mmarekani Alan Donovan. Bendi hiyo ilipanda jukwaani na ala za jadi bega kwa bega na gitaa la umeme. Enzi hizo hoteli nyingi za Nairobi zilitaka bendi ziige vibao vya ng'ambo, na haikuwa rahisi kumshawishi mwenye ukumbi kwamba nyatiti ingeweza kumlipia gharama zake.

Katikati ya miaka hiyo ya 1980 ndipo sinema ilipomwita. Sydney Pollack alifika nchini kutengeneza Out of Africa, filamu iliyotoka mwaka 1985 na kunyakua tuzo saba za Oscar. Job Seda aliigiza Kanuthia, msaidizi wa mwindaji Denys Finch Hatton, aliyeigizwa na Robert Redford. Kanuthia ni mtu wa maneno machache. Kama ilivyokuwa kawaida ya filamu za aina hiyo, Waafrika waliwekwa kandokando ya hadithi ya wageni. Jina la Seda limo pia katika The Kitchen Toto ya mwaka 1987, iliyoongozwa na Harry Hook na inayosimulia Kenya ya enzi za Mau Mau.

Mwaka 1986 alifunga safari ya Uingereza na nyatiti yake. Huko London alipiga muziki katika vituo vya treni za chini ya ardhi, akitegemea sarafu za wapita njia. Huko ndiko alikosikika, naye akaalikwa katika tamasha la WOMAD la mwaka 1988, Cornwall. Mlango huo ulimfikisha kwa Peter Gabriel, na mwaka 1993 kampuni ya Real World ikatoa albamu yake En Mana Kuoyo, yaani "ni mchanga tu". Albamu ni tulivu mno, sauti na nyuzi zikisikika kana kwamba mpigaji yuko chumbani pamoja nawe.

Ndani yake umo Kothbiro, maana yake "mvua inakuja", wimbo unaowahimiza watoto warejeshe ng'ombe nyumbani. Fernando Meirelles aliutumia katika The Constant Gardener ya mwaka 2005, filamu ambayo sehemu yake ilipigwa Kibera. Mtu aliyekuwa uso usio na sauti katika Out of Africa akarudi sinemani miaka 20 baadaye, safari hii akiwa sauti bila uso.

Lakini wimbo huo haukuanza naye. Black Savage walikuwa wameurekodi katika miaka ya 1970, nao unahusishwa na mtunzi James Mbarack Achieng. Hili si jambo dogo. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 humlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo, na malipo humfuata aliyeandikwa kuwa mtunzi, si yule aliyeupa wimbo umaarufu.

Ogada alirejea nyumbani, akatoa Tanguru mwaka 2007, kisha mwaka 2015 ikatoka Kodhi, aliyoifanya na mpiga gitaa Mwingereza Trevor Warren. Juni 2018 rapa Kanye West alichukua sehemu ya Kothbiro katika wimbo wake Yikes. Katika orodha ya watunzi wa wimbo huo, jina la Achieng na la Ogada yote mawili yaliandikwa. Miezi minane baadaye, Ogada akafariki Nyahera.