Sindano za Profesa Koch na neva isiyoota tena

Wadau, leo siasa tuipe likizo, tuongee historia.

Jina la Robert Koch mnalikumbuka kutoka darasa la baiolojia: Mjerumani aliyegundua bakteria wa kifua kikuu, akapewa Nobel mwaka 1905. Ambacho hatukufundishwa ni alichokifanya mwaka uliofuata, huku huku kwetu Ziwa Viktoria.

Sisi wa Isingiro, wilayani Kyerwa, hatuhitaji kuelezwa mbung'o ni nani. Mwaka 1906 malale yalikuwa yakimaliza watu upande wa Uganda, na Koch akapiga kambi visiwa vya Sese. Dawa yake ilikuwa atoksili, yenye arseniki ndani. Jina lenyewe lina maana ya "isiyo na sumu"! Nusu gramu haikutosha, akapandisha hadi gramu nzima. Wagonjwa wakalalamika maumivu na kizunguzungu, wengine wakatoroka. Na watu 22 wakapofuka moja kwa moja.

Mwaka 1907 Wajerumani wakafungua kambi ya malale Kigarama, katika himaya ya Kiziba, leo wilaya ya Missenyi. Wengi wa wagonjwa walikuwa Wahaya waliokwenda Uganda kutafuta kazi wakarudi na ugonjwa. Dawa ikawa ile ile.

Kwa nini wale 22 hawakuona tena? Jibu liko chini ya hadubini. Neva ya macho ni ya pili kati ya jozi 12 za neva za kichwani. Ndani yake mna nyuzi kama milioni moja, kila uzi ni mkia wa seli moja iliyoko kwenye retina. Zimefungwa mafungu mafungu, na kati ya fungu na fungu kuna kuta nyembamba zinazopitisha mishipa midogo ya damu. Nyuma ya jicho kila uzi huvikwa mafuta yanayoitwa mielini, na neva yote hufunikwa na tando tatu zile zile zinazofunika ubongo.

Hapo ndipo penye siri. Hii si neva kama ya mkono, ni kipande cha ubongo kilichotokeza nje. Mielini yake hutengenezwa na seli za aina ya ubongo. Neva ya mkono ikikatika inaweza kuota tena. Hii ikifa, imekufa.

Tiba imebadilika. Melasoproli ya mwaka 1949, nayo ya arseniki, iliua takriban mgonjwa 1 kati ya 20. Leo kuna vidonge vya feksinidazoli.

Koch ana taasisi kubwa ya afya Ujerumani yenye jina lake. Wale 22 majina yao hayamo katika vitabu tulivyosomeshwa. Je, dozi ile ingepandishwa vile kwa wagonjwa wa Berlin?

Nawasikiliza wadau.