Biblia katika Lugha Zake za Asili: Vyombo vya Zamani na Vyombo vya Leo

Maandiko Matakatifu hayakuandikwa kwa Kilatini, wala kwa Kifaransa, wala kwa Kiswahili. Agano la Kale liliandikwa karibu lote kwa Kiebrania, na sehemu chache kwa Kiaramu na kwa Kigriki. Agano Jipya liliandikwa lote kwa Kigriki. Kila mwalimu wa dini ajua jambo hilo. Lakini si wengi wanaojua taabu waliyoipata wazee wetu katika imani ili maneno yale ya kwanza yapate kusomwa nasi. Leo mseminari mwenye telefone aweza kuyafungua palepale alipokaa. Yafaa basi tuulize: vyombo hivi vipya vimetoka wapi, na vyatusaidia mpaka wapi?

I. Fujo katika mji wa Oea

Mwaka wa 403 Mtakatifu Agustino, Askofu wa Hippo, alimwandikia Mtakatifu Yeronimo habari iliyotokea Oea, mji wa Afrika ya Kaskazini unaoitwa leo Tripoli, katika inchi ya Libia. Askofu wa mji ule aliagiza kitabu cha nabii Yona kisomwe kanisani katika tafsiri mpya ya Yeronimo. Watu wakasikia neno wasilolizoea. Tafsiri yao ya zamani, iliyotoka katika Kigriki, ilisema kwamba Mungu alimwoteshea Yona mboga ya maboga ili imtilie kivuli (Yona 4, 6). Yeronimo aliandika jina jingine, hedera, mmea unaotambaa juu ya kuta na miti huko Ulaya. Makelele yakaanza, hasa kwa Wagriki, kwamba Maandiko yamegeuzwa. Askofu hakuwa na njia ila kuwauliza Wayahudi wa mji, nao wakajibu kwamba Kiebrania chapatana na tafsiri ya zamani. Basi akalisahihisha neno lile, maana aliogopa kubaki bila watu.

Yeronimo alijitetea. Neno la Kiebrania, alisema, ni kikayoni, mmea wenye majani mapana, unaokua upesi na kusimama wenyewe juu ya shina lake. Kilatini hakina jina la mmea huo, kwa hiyo yeye alifuata wafasiri wengine waliomtangulia. Wataalamu wengi wa siku hizi wanadhani kwamba ni mbono, mmea ule unaoota hata kwetu nyuma ya nyumba, ambao mbegu zake hukamuliwa mafuta.

Tutazame vizuri ubaya wa jambo hili. Si kwamba watu wa Oea waligombana kwa ajili ya jani. Ubaya ni kwamba askofu mwenyewe hakuweza kulisoma neno lenyewe. Alipaswa kuamini maneno ya watu, kwanza ya huyu, kisha ya wale.

II. Kazi ya mikono mingi

Kabla ya Yeronimo, katika karne ya tatu, Origenes alikuwa ametengeneza chombo cha kusaidia taabu hiyo. Ni kitabu kikubwa kiitwacho Heksapla, chenye safu sita zilizopangwa kandokando: Kiebrania, Kiebrania kilichoandikwa kwa herufi za Kigriki, na tafsiri nne za Kigriki. Yeronimo alikitumia huko Kaisaria ya Palestina. Lakini kilikuwa kikubwa mno, hakuna aliyeweza kukinakili chote, nacho kikapotea; tumebakiwa na vipande tu.

Katika karne ya 13 Hugo wa Saint-Cher, Mdominikano, pamoja na ndugu zake wa Paris, alipanga maneno ya Biblia ya Kilatini kwa taratibu ya alfabeti na kuonyesha mahali pa kila neno. Mtaguso wa Vienne, mwaka 1311 na 1312, ukaagiza kwamba Kiebrania, Kiarabu na Kiaramu zifundishwe katika vyuo vikubwa vya Ulaya. Halafu Kardinali Ximénez de Cisneros aliwakusanya wataalamu huko Alcalá, katika Ispania, wakachapa Biblia ya lugha nyingi katika vitabu sita, toka 1514 mpaka 1517. Kardinali alikufa mwaka ule ule wa 1517, kabla kitabu hakijatolewa kwa watu. Papa Leo wa X alikikubali mwaka 1520. Zilichapwa nakala karibu 600 tu. Hivyo padri wa kijiji hakuweza hata kuiona.

Mwaka 1943 Papa Pio wa XII, katika barua yake Divino Afflante Spiritu, aliwahimiza walimu wa Biblia wasome lugha za asili. Mwaka 1965 Mtaguso wa Vatikano II, katika hati Dei Verbum, ulitaka mlango wa Maandiko ufunguliwe wazi kwa waamini wote.

III. Mashini zinaingia kazini

Mwaka 1949 Padri Roberto Busa, Myezuiti wa Italia, alikwenda Marekani kuomba msaada wa kampuni ya IBM. Alitaka kupanga maneno yote ya Mtakatifu Tomaso wa Akwino. Maneno yalitiwa katika karata zilizotobolewa matundu, na mashini ikazipanga. Kazi ilichukua miaka karibu 30, ikatoa vitabu 56. Wengine walifuata njia hiyo kwa ajili ya Biblia. Katika miaka ya 1980 Kiebrania cha kitabu cha mkono cha mwaka 1008, kinachotunzwa huko Saint-Pétersbourg, kiliingizwa katika ordinatere kwenye Chuo Kikuu cha Michigan. Mwaka 2009 kurasa za Codex Sinaiticus, Biblia ya Kigriki ya karne ya nne, zilionyeshwa zote katika intaneti, ingawa kurasa zenyewe zatunzwa katika inchi nne.

IV. Chombo na mwalimu

Turudi sasa kwa Yona. Mseminari akitafuta neno kikayoni katika telefone yake, ataona mara moja kwamba limo mara tano katika Biblia, zote katika sura ya nne ya Yona. Neno ambalo askofu wa Oea hakuweza kulisoma, yeye amelipata kwa dakika moja. Lakini telefone haiwezi kukata neno kuhusu mmea. Kwa kuwa neno halimo mahali pengine, yampasa aulize lugha za jirani, wafasiri wa kale na walimu wake.

Mfano wa pili. Katika Yoane 21 Bwana Yezu anamwuliza Petro mara tatu kama anampenda, na Kigriki chatumia maneno mawili, agapao na fileo. Mhubiri mwenye haraka ataona tofauti hiyo, naye atajenga hubiri zima juu yake: upendo wa juu na upendo wa chini. Lakini aendelee kutafuta. Ataona ya kuwa Baba anampenda Mwana kwa agapao (3, 35) na kwa fileo vilevile (5, 20). Na mwanafunzi aliyependwa na Yezu vivyo hivyo (13, 23 na 20, 2). Chombo kile kile kilichompa kosa kingemponya, kama angalikuwa na saburi.

Basi, ndugu waseminari, jifunzeni kwanza herufi, halafu namna za vitendo, halafu someni mstari mmoja kila siku. Pasipo umeme na mtandao wa daima, tafuteni programu zinazowekwa mara moja katika telefone na kutumika bila mega. Nanyi makatekista, msione haya kumwuliza padri neno lenyewe lasemaje. Na padri anayeulizwa afungue kitabu pamoja na mwulizaji, ili wasome wote wawili.